Chumba Kilichogeuzwa Jukwaa: Kazi na Mtindo wa Laurence Llewelyn-Bowen

Katika uhakiki wa sanaa za maonyesho, mandhari hupewa nafasi finyu. Mhakiki huchambua maneno ya wahusika, hueleza mgogoro, hupima dhamira, halafu katika sentensi moja au mbili za mwisho hukumbuka kwamba nyuma ya wahusika hao palikuwa na pazia, meza na ukuta uliopakwa rangi. Upambaji wa nyumba una bahati mbaya zaidi, kwani haukuhesabiwa kamwe miongoni mwa sanaa zinazostahili kuhakikiwa; umeachiwa majarida ya mitindo na wauzaji wa fanicha. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 televisheni imezikutanisha sanaa hizo mbili zilizopuuzwa. Imekifanya chumba cha kulala cha mtu wa kawaida kuwa jukwaa, na kukipamba kuwa mchezo wenye mwanzo, taharuki na kilele. Mtu aliyeuelewa muungano huo mapema kuliko wenzake ni Mwingereza Laurence Llewelyn-Bowen. Wengi nchini mwake humcheka, na kicheko hicho ni sehemu ya jambo linalodai kuelezwa.

Llewelyn-Bowen alizaliwa London tarehe 11 Machi 1965. Baba yake, daktari mpasuaji wa mifupa, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 9. Mama yake, aliyekuwa mwalimu, aliishi miaka mingi na maradhi ya neva yaliyomdhoofisha viungo. Wanaomdhania kuwa mtu aliyelelewa katika hariri tupu husahau ukurasa huo. Alisomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Camberwell, kusini mwa mji huo, akahitimu mwaka 1986, kisha akaingia katika biashara ya usanifu wa vyumba na kufungua kampuni yake mwenyewe. Alipofika mbele ya kamera mwaka 1996 alikuwa na miaka 31 na kazi yake mkononi.

Mafunzo hayo ya uchoraji yameacha alama katika yote aliyoyafanya baadaye. Msanifu majengo hufikiri kwa nafasi: watu watapita wapi, mwanga utaingilia dirisha gani, mlango utafungukia upande upi. Mchoraji hufikiri kwa uso wa ukuta, tena humchagulia mtazamaji mahali pamoja pa kusimama. Vyumba vya Llewelyn-Bowen, karibu vyote, hupendeza zaidi vikitazamwa kutoka mlangoni. Na mlangoni ndipo kamera ilipokuwa imesimama.

Kipindi kilichomtangaza, Changing Rooms, kilianza katika BBC Two mwezi Septemba 1996, kikahamishiwa BBC One mwaka 1998, kikaendelea hadi 2004. Kilibuniwa na kampuni ya Peter Bazalgette, iliyokwisha kuufanya upishi kuwa mashindano katika Ready Steady Cook mwaka 1994, na ambayo mwaka 1997 iliigeuza bustani kuwa mchezo katika Ground Force. Kanuni zake zilikuwa chache. Majirani wawili walibadilishana funguo za nyumba. Kila upande ulipewa mpambaji mmoja, pauni 500 na siku 2, ukageuza chumba kimoja cha jirani bila mwenyewe kukiona. Seremala mmoja, Andy Kane, alizihudumia pande zote mbili, akikimbia na msumeno wake baina ya nyumba na nyumba. Jioni ya siku ya pili wenyewe walirudishwa wakiwa wamefumba macho, wakaongozwa hadi katikati ya chumba, wakaambiwa wafumbue.

Mwanafunzi aliyesoma tamthilia za Racine na Corneille atazitambua kanuni hizo mara moja. Ni umoja wa mahali, umoja wa tendo na umoja wa wakati, ingawa BBC iliongeza siku moja juu ya ile waliyoiruhusu wananadharia wa Ufaransa wa karne ya 17. Hata ile kanuni nyingine ya tamthilia hizo, kwamba jambo kuu hutendeka nje ya macho ya anayehusika nalo zaidi, imo. Mwenye chumba yuko mbali wakati mikono ya jirani inapobandua karatasi zake za ukutani. Hadhira inajua, yeye hajui. Taharuki yote ya kipindi ilisimama juu ya tofauti hiyo ya ujuzi.

Inafaa kuuliza kwa nini mchezo huo ulipata hadhira kubwa hivyo katika miaka ile na si kabla yake. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za serikali za mitaa nchini Uingereza haki ya kuzinunua, na kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nyumba milioni moja zilikuwa zimeuzwa kwa njia hiyo. Watu ambao wazazi wao waliishi kwa ruhusa ya manispaa, wasiweze hata kubadili rangi ya mlango wa mbele, walijikuta ni wenye nyumba. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei za nyumba zikaanguka. Kaya nyingi zikawa zinadaiwa na benki fedha zilizozidi thamani ya nyumba zenyewe. Hawakuweza kuuza, hawakuweza kuhama. Kilichobaki ni kupaka rangi. Changing Rooms ilikuja wakati mamilioni ya watu walikuwa na kuta zao wenyewe kwa mara ya kwanza, na hawakuwa na pa kwenda.

Wapambaji wa kipindi hicho walikuwa kadhaa, na miongoni mwao Linda Barker na Anna Ryder Richardson walipendwa sana. Kuwapima wote si lengo la makala haya. Yatosha kusema kwamba wengine walikuwa wapambaji waliojitokeza katika televisheni, hali Llewelyn-Bowen alikuwa mhusika. Alivaa suti za mahameli, mashati yenye vikuku vipana vilivyomwagika hadi vidoleni, nywele ndefu zikiangukia mabegani. Akazungumza kwa sentensi ndefu zilizopambwa kama kuta zake, nusu kwa dhati na nusu kwa mzaha. Katika istilahi za sanaa za maonyesho hayo ni maleba. Fundi atakayepanda ngazi na ndoo ya rangi havai mahameli, na kila mtazamaji alilijua hilo; kwa hiyo vazi lilitangaza mapema kwamba kinachokuja si ufundi wa kawaida bali igizo.

Maleba hayo yana nasaba. Mwaka 1882 Oscar Wilde alizunguka Marekani akitoa mihadhara kuhusu upambaji wa nyumba, naye pia akiwa amevaa mahameli na suruali fupi za magotini, huku magazeti yakimdhihaki. Wilde aliona kwamba mtu anayewataka wengine wabadili vyumba vyao sharti kwanza mwili wake mwenyewe uwe hoja. Msomaji wa Kongo hahitaji somo refu hapa. Tangu miaka ya 1970 vijana wa Kinshasa na Brazzaville wameonyesha, na Papa Wemba akawatangaza duniani, kwamba vazi linaweza kuwa tamko la mtu asiyekubali kuonekana kadiri ya kipato chake. Tofauti ni kwamba sapeur hulipia tamko hilo kutoka mfukoni mwake, naye ndiye anayelivaa. Mpambaji wa televisheni hulivalisha chumba cha mtu mwingine. Tofauti hiyo itarejewa.

Kuhusu vifaa vyake, mengi yamesemwa kwa dhihaka na machache kwa makini. Kifaa kikuu kilikuwa MDF, yaani ubao wa viwandani unaotengenezwa kwa nyuzi laini za mbao zilizochanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. Hauna punje wala fundo. Msumeno hukata humo mkunjo wowote autakao mchoraji, na rangi hushika juu yake bila taabu. Ni rahisi. Ni dhaifu kwa maji na kwa uzito. Kwa pauni 500 Llewelyn-Bowen aliweza kuutoa humo ubao wa kichwani mwa kitanda wenye mizunguko ya karne ya 18, fremu za milango za Kigothiki, nguzo zisizobeba kitu. Juu yake alipaka rangi nzito, zambarau, nyekundu ya damu, samawati yenye kijani, kisha akachovya kingo katika fedha na dhahabu ya bandia. Palipokosekana nakshi ya kuchonga alichora nakshi kwa brashi; palipokosekana hariri alitundika kitambaa cha bei ndogo kwa wingi uliofanya macho yasahau bei.

Kutoka Kongo ubao huo wa unga una maana ambayo mhakiki wa London huenda asiione. Katika Maonyesho ya Kimataifa ya Brussels ya mwaka 1897, sehemu ya kikoloni iliyowekwa Tervuren ilipambwa na mabingwa wa mtindo mpya wa siku zile, Paul Hankar, Georges Hobé, Gustave Serrurier-Bovy na Henry van de Velde. Mikunjo yao maarufu, ile inayofanana na mizabibu na mijeledi, ilichongwa kwa miti iliyotoka katika misitu ya Kongo, na katika ukumbi wa heshima zilipangwa sanamu za pembe za ndovu zilizotoka huko huko. Nje, katika bustani, Wakongo 267 waliwekwa watazamwe. 7 kati yao walifia pale. Anasa ya nakshi ya Ulaya ya mwisho wa karne ya 19, ambayo Llewelyn-Bowen huinukuu kwa mapenzi makubwa, ilikuwa na malighafi, na malighafi ilikuwa na mahali ilipotoka. Yeye hunukuu umbo na kuacha mti. Miaka 100 baadaye mkunjo uleule unakatwa katika vumbi la mbao lililogandishwa, na kwa dau la pauni 500 unaingia katika nyumba ya karani. Wenye dharau huita hilo udanganyifu. Lakini nakshi hiyo ya uongo haikumnyang'anya mtu kitu, jambo ambalo nakshi ya kweli ya Tervuren haiwezi kujidai.

Nakshi yenyewe, katika nadharia ya Ulaya, ni jambo lenye kesi mahakamani tangu zamani. Mwaustria Adolf Loos, katika mhadhara wake mashuhuri wa mwanzoni mwa karne ya 20, aliifananisha na jinai: ni kazi na mali iliyopotezwa bure, na mtu wa kisasa, kwa maoni yake, hutambulikana kwa kuta tupu. Ushahidi wake mmojawapo ulikuwa chale za Wapapua, alizozitaja kama alama ya watu ambao bado hawajafika. Hukumu hiyo ilitawala shule za usanifu kwa sehemu kubwa ya karne, na hata mwanafunzi wa Kiafrika alifundishwa kuionea aibu mikeka ya bibi yake. Katika mwaka uleule wa 1996 ambapo Changing Rooms ilianza, kampuni ya fanicha ya IKEA iliendesha matangazo nchini Uingereza yakiwahimiza wanawake watupe nje vitambaa vyao vya maua. Hivyo mambo mawili yaliingia sebuleni mwa Waingereza kwa pamoja: tangazo lililowaambia watoe, na mtu wa mahameli aliyewaambia waongeze. Llewelyn-Bowen hakuandika nadharia nzito ya kumjibu Loos. Jibu lake lilikuwa ukuta. Na kwa kuwa alilitoa kwa kicheko, wasomi hawakuona kwamba ni jibu.

Hadi hapa uhakiki unaweza kuonekana kuwa utetezi. Lakini fani haiwezi kupimwa bila kuuliza inamtumikia nani, na hapo ndipo kazi ya Llewelyn-Bowen inapoingia katika mgogoro wake mkubwa.

Katika fasihi simulizi, fanani na hadhira wako uso kwa uso. Msimulizi akiona macho yanasinzia, hubadili sauti. Akiona mzee amekunja uso, huruka tusi lililokuwa njiani. Kazi hukamilishwa na wote waliopo. Mpambaji wa Changing Rooms alikuwa na hadhira mbili, wala hazikuwa sawa. Ya kwanza ilikuwa mamilioni ya watazamaji, ambao walihitaji mshtuko ndani ya dakika 30. Ya pili ilikuwa mtu mmoja au wawili, ambao walihitaji mahali pa kulala kesho na keshokutwa. Kwa mujibu wa kanuni za mchezo, hadhira hii ya pili ilikatazwa kusema neno mpaka kazi iishe. Fanani alifanya kazi yake yote akiwa amempa kisogo yule ambaye angekaa ndani yake.

Kilele cha kila kipindi kiliudhihirisha mgawanyiko huo. Macho yanafumbuliwa. Kamera haitazami chumba, inatazama uso. Kile ambacho kilifanyiwa kazi siku mbili kinapewa sekunde chache, na uso wa mwenye nyumba unapewa muda wote uliobaki. Furaha ilikuwa nzuri kwa kipindi. Kilio kilikuwa kizuri zaidi. Ni wazi basi kwamba mpambaji aliyempendeza mwenye chumba siku zote angekuwa ameshindwa kwa hadhira kubwa, na Llewelyn-Bowen, ambaye alikuwa na akili nyepesi ya jukwaa, alilifahamu hilo. Vyumba vyake vilivyochukiwa vinakumbukwa. Vile vilivyopendwa na wenyewe havitajwi tena na mtu.

Tukio linalotajwa kuliko yote katika historia ya kipindi hicho halikuwa lake. Linda Barker alibuni rafu zilizoning'inia kwa nyaya ili zibebe mkusanyo wa mabirika ya chai ya kale ya mwenye nyumba. Usiku rafu zikaanguka, na mabirika karibu yote yakavunjika. Lakini tukio hilo linaeleza utaratibu mzima kuliko linavyomweleza mtu mmoja. Rafu ile ilitengenezwa ili ionekane. Kubeba ni kazi ya usiku na ya miaka, na kamera haina subira ya kupiga picha miaka.

Kiswahili kinasaidia hapa kwa namna ambayo istilahi za Ulaya hazisaidii. Llewelyn-Bowen huitwa msanifu, na mwenyewe hujiita hivyo. Kusanifu ni kutunga jambo kwa ustadi ili lisimame. Kupamba kuna siku yake. Bibi arusi hupambwa, ukumbi wa harusi hupambwa, mji hupambwa mgeni wa serikali anapokuja. Siku ikipita, maua hukauka, hina hufifia, vitambaa hukunjwa, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa pambo lilitimiza ahadi yake. Vyumba vya Changing Rooms vilikuwa mapambo kwa maana hiyo kongwe na yenye heshima. Kosa, kama ni kosa, ni kwamba viliachwa vimesimama baada ya sherehe. Mtu aliamka Jumatatu ndani ya harusi iliyokwisha.

Je, alijua? Dalili zipo kwamba alijua. Kitabu chake cha mwaka 1999 kiliitwa Fantasy Rooms, vyumba vya njozi, na hakuna anayedai kwamba njozi hudumu. Nguzo zake zisizobeba kitu hazikujaribu kumdanganya mtu kwamba zinabeba; dhahabu yake ilikuwa dhahabu ya jukwaani, na aliipaka mbele ya kamera, brashi ikionekana. Katika hilo alikuwa mkweli kuliko wengi waliomfuata. Ule utaratibu wa kumfungia mwenye chumba nje haukuwa wake bali wa kampuni iliyobuni kipindi. Na haikushangaza kwamba mwaka 2000 Bazalgette huyohuyo aliileta Big Brother katika televisheni ya Uingereza, ambamo nyumba nzima ni jukwaa na wakazi wake hawana hata ule mlango wa kurudia kwa jirani.

Waliomfuata walileta hoja nyingine kabisa. Bei za nyumba zilipoanza kupanda tena, televisheni ya Uingereza ilibadili somo. Mwaka 1998 Channel 5 ilianza House Doctor, ambamo Mmarekani Ann Maurice aliingia katika nyumba zisizopata mnunuzi, akaamuru picha za familia ziondolewe na kuta zipakwe rangi isiyosema kitu. Mwaka 2000 ikaja Location, Location, Location ya Channel 4, na mwaka 2001 Property Ladder. Katika vipindi hivyo chumba si mahali pa kukaa wala jukwaa. Ni bidhaa iliyowekwa dirishani. Anayepambiwa ni mtu asiyejulikana ambaye huenda akaja na fedha. Mwenye nyumba anafundishwa kuishi kama mgeni ndani ya mali yake, asiache nywele sinkini wala wekundu ukutani, kwa kuwa kila alama ya maisha yake hupunguza bei.

Dhidi ya fundisho hilo Llewelyn-Bowen amesimama tangu mwanzo hadi leo, na ndiyo sehemu ya kazi yake inayostahili heshima kubwa zaidi. Mara nyingi hadharani amezikebehi rangi za maziwa na kijivu, akisisitiza kwamba nyumba ni ya anayeishi ndani yake. Maudhui hayo ni safi. Lakini msomaji aliyefuatilia hoja hii atakuwa amekwisha kuona ufa. Mtu anayetangaza kwamba chumba ni cha mwenyewe ndiye aliyejijengea jina kwa kuvigeuza vyumba vya watu wasiokuwepo, wasioulizwa. Maudhui yake yanasema kitu, na utaratibu wa kazi yake ukafanya kinyume chake. Ann Maurice, kwa ubaridi wake wote, alimwuliza mwenye nyumba anataka nini, naye akajibu kwamba anataka kuuza.

Ufa huo haumfanyi Llewelyn-Bowen kuwa mnafiki. Unamfanya msanii aliyepewa jukwaa lisilolingana na imani yake, naye akalipenda jukwaa kiasi cha kutolikataa. Mhakiki mkali atasema kwamba aliyekubali kanuni amekubali matokeo. Ni hukumu ya haki kwa miaka ya 1996 hadi 2004, tena hasa kwa ile miaka miwili ya mwisho ambapo, Carol Smillie alipoondoka mwaka 2003, Llewelyn-Bowen mwenyewe alishika nafasi ya mtangazaji. Hapo hakuwa tena mhusika ndani ya mchezo bali mwongozaji wa macho yaliyofumbwa.

Mfumo wenyewe ulisambaa upesi. Marekani ilikuwa na Trading Spaces katika TLC kuanzia mwaka 2000, kwa dola 1,000 badala ya pauni 500. Watazamaji wa televisheni za Kifaransa walipata D&CO katika M6 kuanzia 2006, ambako Valérie Damidot, mcheshi na mwenye mikono ya kazi, aliondoa kabisa ule umbali wa mahameli. Llewelyn-Bowen naye alikwenda Australia, akawa mmoja wa waamuzi wa House Rules kuanzia 2017 hadi 2020. Kazi ya uamuzi ilimpunguza: aliyekuwa akitenda sasa alitoa alama, na ulimi uliochongoka bila brashi mkononi huchosha upesi. Vivyo hivyo karatasi za ukutani na vitambaa vya nyumbani vinavyouzwa kwa jina lake. Mikunjo ni ileile, zambarau ni ileile, lakini imetoka kiwandani kwa utulivu, bila saa inayokimbia, bila seremala anayehema, bila jirani anayeogopa. Nakshi yake huhitaji hatari ili iwe hai.

Mwaka 2021 Channel 4 ilifufua Changing Rooms, naye akarudi, nywele zikiwa na mvi. Hadhira ilikuwa imebadilika. Watu waliokuwa wametoka kufungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi ya Covid walizijua kuta zao kuliko walivyotaka kuzijua, na ule ukali wa zamani wa kugeuza chumba cha mtu bila idhini ukaonekana kuwa mchezo wa zama za watoto wasio na madeni. Kipindi hakikudumu.

Kuna kazi mbili zinazomwonyesha vizuri zaidi, na hakuna kati yake iliyofanywa kwa siku 2. Ya kwanza ni nyumba yake ya mawe karibu na Cirencester, katika mkoa wa Gloucestershire, alikohamia mwaka 2007. Katika miaka ya 2020 alieleza mara kadhaa kwamba mabinti zake wawili, waume zao na wajukuu wanaishi hapo pamoja naye na mkewe. Utaratibu huo, ambao magazeti ya Uingereza yaliutangaza kama jambo geni, hautamshangaza msomaji yeyote wa Lubumbashi au Bukavu. Humo nakshi zake zimekaa miaka, zikaguswa na watoto, zikarudiwa pale zilipochakaa. Ni chumba kilichopambwa na anayelala ndani yake, na kwa mara ya kwanza maudhui na utaratibu vimekubaliana.

Ya pili ni Blackpool, mji wa wafanyakazi wa viwandani wanaokwenda kupumzika katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza. Taa ziliwashwa huko kwa mara ya kwanza mwaka 1879, na mji huo una desturi ya kuipamba barabara ya ufukweni kwa taa za umeme kila majira ya vuli, kwa urefu ambao leo unakaribia kilomita 10. Llewelyn-Bowen alianza kuitumikia desturi hiyo mwishoni mwa miaka ya 2000, akabuni mapambo ya taa yenye mizunguko na maua yaleyale aliyoyachora katika kuta za majirani. Watu hupita chini yake polepole ndani ya magari, watoto wakiwa wamekaa vitini kwa magoti ili waone vizuri. Hakuna anayefumbwa macho, na msimu ukiisha, mafundi wa manispaa hupanda ngazi, huzishusha taa na kuzirudisha ghalani.